Nywele Zangu Kando ya Reli

Nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi kwamba uvimbe ulio kwenye titi lako una jina. Sitakueleza unatokana na nini. Hilo watakueleza madaktari, na usipowaelewa waulize tena hata kama foleni nyuma yako inaguna. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyeniambia: kwamba utachoka kwa kukaa kuliko ulivyowahi kuchoka kwa kulima, kwamba watu watakuzungumzia mbele yako utadhani umetoka nje, na kwamba utahitaji kazi ya mikono. Kazi yangu ilikuwa reli.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mikumi. Mwalimu wa nchi hii ukimwona na boksi tupu usimwulize analipeleka wapi, linakwenda kuwa zana ya kufundishia. Nimewahi kutengeneza moyo wa binadamu kwa chupa za maji na mlima wa volkano kwa trei za mayai. Kwa hiyo usishangae kwamba siku ya dripu ya kwanza, kule Dar, nilirudi na treni.

Tulifika hospitali alfajiri, mimi na mume wangu Shabani, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na si mtu wa maneno. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Ukisimama kwenda chooni, unarudi unakuta nafasi yako ina mtu na mkoba wake. Nesi akatoka akasema dawa bado inachanganywa, tusubiri. Nikaona nikikaa pale dakika moja zaidi nitapiga kelele, nikatoka hadi nje ya geti. Hapo machinga mmoja alikuwa ametandika boksi chini, na juu yake treni ya betri, nyekundu kama pipi, inazunguka, inazunguka.

"Ya mjukuu hiyo, mama?" akaniuliza.

"Ya kwangu mwenyewe," nikamjibu.

Alicheka akidhani namtania. Nilirudi ndani nikiwa nimeipakata, na wanawake wa benchi letu wakanitazama kwa huruma, maana walijua saratani huwa inafika hata kichwani. Sikuwajibu. Dawa yenyewe ilipokuja nayo ilikuwa nyekundu, ikashuka kwenye mrija polepole, nami nikashika boksi la treni mpaka ikaisha.

Tulipofika nyumbani niliiwasha juu ya meza na nikaichukia. Inang'aa mno. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa gengi la kutengeneza reli kwenye njia ya Kilosa kwenda Kidatu, na mabehewa niliyokulia nayo yalikuwa na rangi ya udongo, kutu na moshi, yakipita Mikumi kwa mwendo wa mtu mzima anayejua kwamba atangojewa. Hiki kidude kilikuwa hakijasafiri popote. Nikasema, basi, nitakitengenezea safari. Shabani akaniletea ubao wa mlango wa zamani, akauchomelea miguu ya chuma, tukauweka chumba cha uani, kando ya kitanda changu. Kilosa ikakaa upande mmoja na Mikumi upande wa pili, mto Mkondoa ukapita katikati, na milima nikaifinyanga kwa trei za mayai zilizolowekwa na uji mzito wa muhogo.

Rangi za dukani sikuweza kuzitumia. Harufu yake tu ilinitoa nje mbio kutapika, na baada ya dripu hata sabuni ya kufulia ilinuka kama kitu kilichooza. Ikabidi nifanye kazi na vitu visivyonuka. Udongo nilichekecha kwa chujio la nazi. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa niliyaanika yakawa nyasi za kiangazi. Kwa kutu, niliponda ile waya ya kusugulia sufuria iliyooza kwenye beseni. Mwalimu mwenzangu anayetoka Ruhembe aliniletea kopo la masizi ya miwa, yale yanayodondoka wakati wa kuchoma mashamba kabla ya kuvuna. Ni mepesi, meusi, na hayashikiki, ukipumua vibaya yameondoka. Masizi hayo ndiyo yaliyoifuta pipi yangu rangi.

Kuzeesha kitu kuna adabu yake. Mwanzoni nilipaka masizi kila mahali, na stesheni yangu ya Kilosa ikaonekana imeungua moto. Nikaifuta. Nikaenda nje nikakaa juu ya ndoo kulitazama bati la jiko letu, maana nguvu za kufanya jambo jingine sikuwa nazo. Nikagundua kwamba kutu haianzi katikati ya bati. Inaanzia kwenye tundu la msumari, inateremka kufuata njia ya mvua, na inazidi kuwa nyembamba kadiri inavyoshuka. Vumbi ukutani linapanda hadi pale matone yanaporukia, halipandi zaidi. Mlango unachakaa pale mikono inaposukuma. Nikarudi ndani. Ukilowesha boksi na kubandua karatasi ya juu, chini yake unakuta mabati yenye migongo yake tayari, na hayo ndiyo niliyoezekea. Nikatia kutu msumari kwa msumari kwa njiti ya chelewa. Jioni ile nilikula ugali ukakaa tumboni.

Kucha zangu nazo zilikuwa zinaanza kuwa nyeusi kutokea kwenye shina. Ncha za vidole zikafa ganzi, nikawa sijui kama nimeshika kitu mpaka nikitazame. Nilinunua kile kibanio cha kung'olea nyusi, kikawa ndiyo vidole vyangu. Nakushauri ununue mapema.

Halafu zikaja nywele.

Nilikuwa nimeambiwa zitatoka, lakini kuambiwa si kuona. Niliamka asubuhi baada ya dripu ya pili, nikainua kichwa, nywele zikabaki kwenye mto. Nililia, sikatai. Sisi tumefundwa tangu utotoni kwamba nywele za mtu haziachwi ovyo. Zinafukiwa, au zinatumbukizwa chooni, ili asiyekutakia mema asizipate. Nikazikusanya kwenye mfuko niende kuzifukia. Nikiwa njiani kwenda uani nikapita karibu na meza, nikatupa jicho kwenye ile tambarare ya Mikumi ambayo ilikuwa imenishinda. Majani ya chai yalifaa kwa nyasi, lakini vile vichaka vya miba, vilivyojikunja vyenyewe kwa vyenyewe, sikuwa nimepata kitu cha kuvitengenezea. Nikaangalia mfuko. Nywele zangu ni za kipilipili, zimeanza mvi.

Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa, kisha nikakasirika kwamba naogopa. Huu ugonjwa ulikuwa umechukua hamu yangu ya chakula, kazi yangu, usingizi wangu, na sasa unataka nizike kichwa changu kwa siri kama mwizi. Nikachukua kibanio, nikachovya kifundo cha kwanza kwenye uji wa muhogo, nikakinyunyizia vumbi la chai, nikakipanda kando ya reli. Kilikuwa kichaka cha Mikumi hasa. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeotesha pori zima.

Aliyeligundua pori hilo ni Shangazi Tatu. Ni shangazi wa Shabani, ndiye aliyemlea, na alikuja kutoka Kilosa kuniuguza. Sitaki umfikirie vibaya. Yeye ndiye aliyenipikia uji wa ulezi mwembamba kiasi cha kupita kooni, na ndiye aliyenisugua mgongo bila kuniuliza chochote. Lakini asubuhi ile niliposema "shikamoo, shangazi," hakuitikia, na hilo halijawahi kutokea. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha uani.

"Mwanaidi," akasema, "hivi ni vitu gani?"

"Vichaka, shangazi."

"Vya nini?"

Ningeweza kudanganya. "Nywele zangu," nikasema.

Alishika kichwa. Aliona kijumba cha maboksi nilichokifananisha na chetu, kimezungukwa na nywele za mgonjwa, na udongo niliochota Kilosa na Mikumi. Kwa macho yake lile halikuwa igizo la reli. Alinifungia mlango, akakaa na Shabani chini ya dirisha langu, wakazungumza Kisagara kwa sauti ya chini, utadhani mimi nilizaliwa China. Nikasikia yote. Kwamba tangu nianze hizo dripu nazidi kuisha. Kwamba kichwa sasa kimeniruka. Kwamba safari ya Dar ya wiki ile isiwepo tena, nipelekwe Vidunda kwa bibi mmoja wa mizizi, nikakae huko milimani mpaka nitakaporejewa na akili. Nilimsubiri Shabani aseme hapana. Shabani alikohoa tu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko siku niliyopewa majibu. Uvimbe ulikuwa umeanza kupungua, nilikuwa naujua kwa mkono wangu, na daktari alikuwa amenionya kwamba kuruka dripu ni kuupa ugonjwa nafasi ya kupumua. Lakini sikuweza kutembea peke yangu hata hadi barabara kuu. Mgonjwa anamiliki mdomo tu, na wa kwangu ulikuwa na vidonda. Niliutumia hivyo hivyo. Nikapiga kelele dirishani kwamba siendi Vidunda, na wakinibeba nitaruka njiani. Shangazi akamwambia Shabani, "Unasikia? Ndiyo hayo nasema."

Kilichobaki ilikuwa meza. Shangazi alitaka iteketezwe, lakini vitu vya namna ile ndugu havigusi. Kwa hiyo akaagiza aitwe mtani.

Sisi Wasagara na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani ndiye anayefanya kwenye msiba yale ambayo ndugu hawawezi, na anasema yale ambayo ndugu hawathubutu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Mtani wetu ni Minza, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Siku za kawaida, ng'ombe wa kina Minza na mahindi yetu wana kesi zisizokwisha kwa mwenyekiti wa kijiji.

Minza alifika na kanga kiunoni. Shangazi akampokea vizuri, akamweleza kwamba kuna vitu vya mgonjwa vinahitaji kutolewa na kuchomwa. Minza akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua ndala, akakaa chini katikati ya uwanja, akajishika kichwa, akaanza kulia kwa sauti ya kufika njia panda.

"Uwiii, mwalimu wetu! Mchoyo wewe, umeondoka na deni la chai! Nani atatufundishia watoto kuhesabu ng'ombe? Kanga zake zile mpya nipeni mimi. Na huyu mjane wa kiume mbona amekaa tu, hajanyolewa?"

Majirani wakachungulia uani. Shangazi akamvuta mkono. "Minza, nyamaza. Mgonjwa yumo ndani, anasikia."

"Mgonjwa?" Minza akanyamaza ghafla, macho makavu kabisa. "Mimi nimeitwa kuchoma vitu vya mtu. Kwetu vitu vya mtu vinachomwa akishazikwa. Niambieni tu, mnazika lini?"

Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha, naona kisogo cha mume wangu. Minza akamgeukia yeye.

"Shabani, nimekuuliza. Mnazika lini?"

"Hatuziki," Shabani akasema.

"Kama hamziki, wiki hii mnakwenda wapi?"

Niliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Dar," akasema. "Tunakwenda Dar." Kisha akamtazama shangazi yake aliyemlea, na nina hakika hajawahi kumwambia hivyo maishani: "Nisamehe, shangazi. Mke wangu anakwenda kwenye dripu."

Minza akainuka, akajipangusa vumbi, akafungua mlango wangu, akaingia kuona alichoitiwa. Aliizunguka meza mara kadhaa huku mikono iko mgongoni, kama afisa elimu. Nikakaa kitandani nikimsubiri.

"Kilosa yote hii," akasema mwishowe, "mito, milima, mahindi, mpaka choo cha stesheni. Na hakuna ng'ombe hata mmoja. Yaani mmetufukuza hadi mezani?"

Nilicheka mpaka vidonda vya mdomo vikatoka damu. Ilikuwa kweli, sikuwa nimeweka hata ndama. Minza akachukua konzi ya udongo wa mfinyanzi kwenye beseni langu, na kufumba na kufumbua akaanza kuwapanga: ng'ombe wenye nundu, mmoja baada ya mwingine, kazi aliyoijua tangu akiwa mtoto. Wa kwanza alimweka katikati ya shamba la mahindi la Shangazi, bila shaka. Halafu akagusa kichaka.

"Na hiki?"

"Nywele zangu."

Mkono ukarudi nyuma haraka. Minza naye amefundwa kama mimi. Alisimama akifikiri, na Shangazi mlangoni akamtazama kwa matumaini. Ndipo Minza akamchukua ng'ombe, akamwinamisha, akamgusisha mdomo kwenye kichaka. Akafanya hivyo kichaka kwa kichaka, ng'ombe kwa ng'ombe, mpaka pori lote likawa linaliwa.

"Haya, wameshazila," akamwambia Shangazi. "Nani ataokota nywele zilizokwisha kuliwa na ng'ombe wa Wasukuma? Akazitafute kwenye mavi."

Shangazi akageuka, akaenda jikoni. Neno la mtani halijibiwi, na alichokiweka mtani hakiondolewi. Jioni aliniletea uji, nikamwamkia, akaitikia marahaba.

Dripu ya tatu nilikwenda, na zilizofuata. Masika yalianza katikati yake, basi letu likalala Morogoro kwa sababu ya maji, nami nikafika hospitali nimevimba miguu. Kumbuka hili: mwambie nesi kila kitu, hata unachoona ni cha kijinga. Mmoja wao alinipa barafu ya kunyonya wakati dawa inaingia, na vidonda vya mdomo havikurudi tena kwa ukali ule. Sijui jina lake, lakini namwombea. Mkondoa ulipofurika mimi nikabomoa tuta langu la trei za mayai, nikaiacha reli imening'inia, kisha nikalijenga upya kwa kokoto zilizobaki kwenye chujio, kama baba na wenzake walivyokuwa wakifanya kila mvua kubwa. Kichwa changu kilikuwa cheupe, na nilikwenda nacho sokoni hivyo hivyo. Waliotaka kutazama walitazama.

Kiangazi kilipoingia wakaniondoa titi. Nililala hospitali na mpira unaotoa maji ubavuni, na niliporudi nyumbani Shabani alikuwa ananiongelesha huku anatazama treni. Siku moja, siku mbili, nikavumilia. Siku iliyofuata nikazima betri.

"Nitazame," nikamwambia. Nikafungua kanga. Alitazama, machozi yakamtoka, akasema kovu limenyooka vizuri kuliko analoweza kuchomelea yeye. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa mbovu kuliko zote alizowahi kunipa. Tulilala usingizi usiku ule, wote wawili.

Sitakuambia nimepona. Bado nakwenda kupimwa, na bado nakaa kwenye benchi lile. Kuna wanawake wa benchi letu ambao sijawaona tena, na nimechoka kuambiwa kwamba mimi niliomba sana ndiyo maana nipo. Wao pia waliomba. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kama kuna mtu anapanga safari yako chini ya dirisha lako, piga kelele, na kama kelele hazitoshi tafuta mtani. Usikubali kuzikwa kabla ya siku yako kwa ajili ya kuwaridhisha watu wanaokupenda.

Shule ilipofunguliwa tuliihamishia meza darasani. Siku moja kabla ya kuibeba nilifinyanga mtu wa mwisho, mwanamke, urefu wa nusu kidole. Sikumfunga kitambaa. Kifua chake nilikitengeneza upande mmoja tu. Nikamsimamisha kwenye jukwaa la stesheni ya Mikumi.

Shangazi Tatu alikuwa amekuja kutusalimia. Alimwinamia, akamchunguza kwa muda mrefu, na nilikuwa tayari kwa vita.

"Huyu anasubiri treni gani?" akauliza.

"Hasubiri, shangazi. Ameshashuka."

Alichovya kidole kwenye beseni, akachukua tonge dogo la udongo, akalifinyanga kwa kucha zake ndefu mpaka likawa na umbo.

"Mtu ametoka safari ndefu hivyo," akasema, "hana hata kikapu?" Akamtwisha.